Mali Bila Daftari: Maoni Kuhusu Ununuzi na Uuzaji wa Vitabu vya Vibonzo vya Kale

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliisikia nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, nikaiandikia insha, nikaijibia maswali ya mtihani, na kumbe bado sikuwa nimeielewa. Niliielewa nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamili, pale nilipotoa shilingi 4,500 kununua kitu ambacho huenda hakikuwa cha yule aliyeniuzia. Ninakusudia kukusimulia, mpenzi msomaji, yaliyonipata, kisha nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo naamini linatuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Jambo lenyewe ni jinsi ya kununua na kuuza vitabu vya vibonzo vya kale pasipo kuibiwa, pasipo kuiba, na pasipo kuwa washirika wa wezi bila kujua.

Ninapotaja vibonzo nina maana ya hadithi zinazosimuliwa kwa mfuatano wa picha na maneno. Utanzu huu una historia ndefu katika eneo letu kuliko mihadhara yetu inavyokiri. Tunaye Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Tunalo jarida la Joe, lililoanzishwa jijini Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst. Upo mfululizo wa Pichadithi wa miaka ya 1980, lipo gazeti la Sani la Tanzania na wahusika wake kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa, na ipo Abunuwasi ya Gado iliyochapishwa na Sasa Sema mwaka 1996. Aidha, haifai kuisahau African Film, iliyotumia picha za kamera badala ya michoro, na mpelelezi wake Lance Spearman ambaye baba zetu humtaja kana kwamba alikuwa jirani yao. Baadhi ya kazi hizi ziliandikwa kwa Kiingereza, ila zote ni sehemu ya historia ya masimulizi ya picha Afrika Mashariki.

Hata hivyo, fasihi kwetu imekuwa ni riwaya, tamthilia, ushairi na hadithi fupi. Vibonzo vilionekana kuwa mchezo wa watoto na kitulizo cha wasafiri ndani ya matatu. Kwa hiyo havikuhifadhiwa kwa uangalifu. Mtafiti anayevihitaji leo hana budi kufunga safari hadi sokoni, na huko sokoni ndiko kisa changu kinakoanzia.

Kisa Chenyewe

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kandokando ya mojawapo ya barabara za katikati mwa jiji la Nairobi, mzee mmoja auzaye vitabu vikuukuu alikuwa ametandaza turubai lake kama ilivyo ada. Juu palikuwa na vitabu vya kiada na riwaya zilizopoteza majalada. Chini kabisa palikuwa na furushi lililofungwa kwa kamba ya mkonge. Nilipolifungua nilikuta matoleo kumi na manane ya jarida moja la Kiswahili la hadithi za picha la miaka ya 1970. Jina lake sitalitaja, kwa sababu utakayoielewa hivi punde. Nilikuwa nimelitafuta kwa miezi saba.

"Hayo ni ya zamani sana, mwalimu," mzee aliniambia, akiwa amekwisha kuyasoma macho yangu. "Hutayapata popote."

"Umeyatoa wapi, mzee wangu?"

"Kuna kijana huniletea. Wewe lipa tu, mali ni yako."

Tulivutana kutoka shilingi 6,000 hadi 4,500, nikalipa kwa fedha nilizokuwa nimetengea karo na chakula. Sikuomba stakabadhi wala yeye hakuitaja. Niliondoka nikijihisi kama aliyeokota dhahabu barabarani.

Jioni, chini ya taa, niliona nisichokiona mchana. Katika ukurasa wa 3 wa kila toleo palikuwa na tundu la mraba lililokatwa vizuri kwa wembe. Mwanzoni nilidhani ni kazi ya panya, lakini panya hakati pembe nne zilizo sawa. Katika toleo la kumi na moja mkataji alikuwa amesahau ukurasa mmoja. Nyuma ya jalada la mwisho ulikuwapo mhuri uliofifia wa maktaba ya taasisi moja ya umma.

Msimamizi wangu alipoyaona majarida yale aliniuliza swali moja tu: "Katika tasnifu utasema umeyapata wapi?" Sikuwa na jibu. Juma lililofuata niliyabeba hadi kwenye maktaba ile. Mama mmoja wa makamo anayehudumu pale alifungua daftari kubwa la mapokezi, akapitisha kidole chake ukurasa baada ya ukurasa. Jina la jarida lilikuwamo. Idadi ya matoleo haikuwamo, wala tarehe ya kupokelewa, wala maelezo yoyote ya kuondolewa kwake. "Mwanangu," aliniambia kwa upole, "huenda yaliibwa. Huenda pia ni sisi tuliyatupa tulipohamia jengo hili. Daftari halisemi."

Niliyaacha pale, akaniandikia karatasi ya kukiri kuyapokea. Nilirudi kwa yule mzee kumwomba anirudishie angalau nusu ya fedha zangu. Alinisikiliza kwa makini, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nami nililipa." Nina yakini kwamba alisema kweli. Kati yetu watatu, yaani maktaba, muuzaji na mnunuzi, hakuna aliyekuwa na maandishi ya kuthibitisha lolote. Wa nne tu, yule kijana mwenye wembe, ndiye aliyejua ukweli, na yeye alikuwa na faida ya kutoandika.

Wenzetu Walivyofika Walipofika

Nilipotafakari mkasa huu niliona heri nichunguze soko ambalo biashara ya vitabu vya vibonzo vya kale imekomaa zaidi, nalo ni la Marekani. Lengo langu halikuwa kuwaiga kwa kila jambo. Nilitaka kujua walijikinga vipi dhidi ya udanganyifu, maana palipo na fedha nyingi ndipo walaghai hukusanyika.

Fedha zenyewe ni nyingi ajabu. Toleo la kwanza la Action Comics, ambamo mhusika Superman alionekana kwa mara ya kwanza, lilitolewa mwaka 1938 na kuuzwa kwa senti 10. Mnamo Aprili mwaka 2024, nakala moja ya toleo hilo iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Kwa nini bei ikapanda hivyo? Umuhimu wa mhusika ni sababu mojawapo. Sababu nyingine ni kwamba nakala zilizosalia ni chache mno. Watoto walizisoma hadi zikachanika, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kampeni za kukusanya karatasi chakavu zilizimeza shehena za vitabu na magazeti ya aina hiyo. Kwa maneno mengine, Wamarekani waliwahi kuvifanyia vibonzo vyao kile ambacho vibanda vyetu vinavifanyia vyetu: kuviuza kwa kilo na kuvifungia maandazi.

Uzee pekee, kwa hiyo, si thamani. Mwaka 1991 toleo la kwanza la mfululizo mpya wa X-Men liliuza nakala zaidi ya milioni 8. Wengi walizinunua na kuzihifadhi wakiamini kuwa zingewatajirisha. Kwa kuwa kila mtu alihifadhi yake, hakuna aliyetajirika, na hadi leo nakala za kawaida za toleo hilo hupatikana kwa bei ya chini. Anayekuambia kuwa kitu ni ghali kwa sababu tu ni cha kale, mwombe akuonyeshe bei ambayo kitu kama hicho kiliwahi kuuzwa. Bei inayotajwa na muuzaji ni matumaini yake. Bei iliyolipwa na mnunuzi ndiyo ushahidi.

Mafunzo Manne

Mosi, jua unachokishika ni chapa gani. Mwaka 1974 kampuni ya DC ilichapisha upya toleo lile la kwanza la Action Comics katika mfululizo ulioitwa Famous First Edition. Kila ukurasa ulinakiliwa, hata jalada lenye bei ya senti 10, kisha kitabu kikavikwa jalada jingine la nje lililoeleza kuwa hiyo ni chapa mpya. Walaghai walibandua jalada la nje na kuwauzia wasiojua kilichobaki kana kwamba ndicho cha mwaka 1938. Aliyejua vipimo hakudanganyika, kwa sababu kimo na upana wa chapa hiyo mpya vyote vilizidi vya asili kwa zaidi ya inchi mbili. Funzo kwetu ni kwamba rula ya mwanafunzi huweza kumwokoa mtu asipoteze mamilioni. Pima ukubwa, soma taarifa za mchapishaji, tazama matangazo ya biashara yaliyomo ndani na bei iliyochapishwa. Nakala ya jarida la mwaka 1975 iliyorudufiwa kwa mashine na kutiwa jalada la rangi si nakala ya mwaka 1975, hata ikichakaa namna gani.

Pili, eleza hali ya kitu kwa maneno yanayoeleweka na pande zote mbili. Huko Marekani, tangu mwaka 2000 ipo kampuni iitwayo CGC ambayo hukagua kitabu, hukipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha hukifungia ndani ya kisanduku cha plastiki chenye lebo. Kitabu kilichokarabatiwa, kwa mfano kilichopakwa rangi upya au kukatwa kingo ili zionekane nadhifu, hutofautishwa kwa lebo ya rangi nyingine, maana ukarabati usiotajwa ni uongo. Hata hivyo tusiiabudu plastiki. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa mwaka 2024 ilibainika kuwa kulikuwa na visanduku vya kampuni hiyo vilivyokuwa vimefunguliwa, na ndani yake kutiwa nakala duni kuliko zilizoandikwa kwenye lebo. Cheti humsaidia mnunuzi, lakini hakimwondolei wajibu wa kutumia macho yake mwenyewe.

Tatu, uliza kitu kilikotoka. Mwaka 2000 mwigizaji Nicolas Cage aliibiwa nakala yake ya toleo hilohilo la kwanza la Action Comics nyumbani kwake. Ilipatikana mwaka 2011 katika ghala la kukodisha huko California, ikarejeshwa, na mwaka huohuo ikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 2.1. Kwa muda wa miaka kumi na mmoja hapakuwa na njia ya kuiuza hadharani, kwa kuwa nakala yenye thamani kiasi hicho ina mikunjo na madoa yake yanayojulikana, mithili ya alama za vidole vya mtu. Kwa upande wa pili, historia njema huongeza bei. Mwaka 1977 mfanyabiashara Chuck Rozanski alinunua huko Colorado mkusanyiko mkubwa wa Edgar Church. Nakala zilizotoka humo, zinazoitwa za Mile High, bado hutafutwa na kulipiwa zaidi kwa sababu kila mmoja anajua zilihifadhiwa na nani. Asili ya kitu inapojulikana, mwizi hukosa mnunuzi na mwenye haki hupata bei nzuri.

Nne, tunza ulichokinunua. Karatasi ya bei nafuu iliyotumiwa kuchapishia vibonzo ina kemikali za mti zinazoifanya igeuke ya manjano na kukatika kwa wepesi inapopigwa na mwanga na joto. Pini hushika kutu, hasa katika hewa ya unyevunyevu ya pwani. Usitumie selotepu kuunga palipochanika, kwa kuwa gundi yake huacha doa lisilotoka. Usiipeleke nakala kutiwa plastiki kwa moto kama kitambulisho. Iweke ndani ya bahasha safi isiyo na asidi, mahali pakavu, mbali na jua, mende na mchwa. Na ukitaka kuiuza, usijaribu kuisafisha kwanza, maana wengi wameharibu kwa kitambaa chenye maji kile ambacho miaka hamsini ilikuwa imekiacha salama.

Hoja za Wanaopinga

Najua wapo watakaoniuliza, "Je, si aibu kuifanya fasihi bidhaa? Si afadhali biashara hii ipigwe marufuku na kazi zote zipelekwe maktabani?" Ninaiheshimu hoja hii lakini sikubaliani nayo. Karatasi isiyo na bei sokoni haiendi maktabani. Huenda jikoni kuwashia jiko. Yule mzee wa barabarani, kwa kosa au kwa haki, aliyaokoa majarida kumi na manane ambayo vinginevyo yangeishia kufungia nyama. Tatizo halikuwa kuuza. Tatizo lilikuwa kuuza gizani. Bei bila daftari humwita mwizi, nalo daftari bila bei halimshawishi mtu aliye na sanduku la baba yake darini alifungue. Tunahitaji vyote viwili.

Wapo pia watakaosema kuwa maarifa ni mtaji, na kwamba mnunuzi anayejua thamani ya kitu hana wajibu wa kumfumbua macho muuzaji asiyejua. Hapa ndipo ninapotaka tujitazame sisi wenyewe, wanafunzi na wahadhiri. Ni nani anayekwenda mashambani kukusanya data akiwa na barua ya chuo, akaaminiwa na kukaribishwa chai? Ni sisi. Mjane akituonyesha sanduku la magazeti ya marehemu mumewe na kutuuliza, "Mwanangu, hivi vina maana yoyote?", jibu letu ni ushauri wa mtaalamu. Tukimwambia kuwa ni takataka, kisha tukampa shilingi mia mbili na kuondoka na sanduku, hatujafanya biashara. Tumetumia jina la chuo kumpokonya. Faida ni halali, maana mnunuzi naye ana nauli, ana gharama za kuhifadhi na huenda asipate wa kumuuzia. Ila anayekadiria thamani asiwe ndiye anayenunua, na akilazimika kuwa ndiye, basi na aseme wazi anachokijua. Kwa muuzaji nasema: usiuze sanduku lolote kabla ya kuorodhesha kilichomo, na usimuuzie mtu wa kwanza kabla ya kumsikiliza wa pili.

Isitoshe, sheria haiko upande wa asiyeuliza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, inaeleza kuwa kwa kawaida anayenunua kutoka kwa mtu asiye mwenye mali hapati haki inayozidi ile aliyokuwa nayo muuzaji. Mwizi hana haki, kwa hiyo humpa mnunuzi hewa tu. Sheria hiyohiyo inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kanuni ya Adhabu nayo humtia hatiani anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi. Tundu la wembe mahali pa mhuri ni sababu tosha ya kuamini. Ningaliliona mchana ule nikanyamaza, nisingekuwa na utetezi.

Tufanye Nini?

Ninapendekeza mambo manne, na yote yamo ndani ya uwezo wa chama chetu.

Kwanza, tuwe na hati fupi ya mauziano ya kazi za kale. Isizidi ukurasa mmoja na iwe na mambo sita: jina la kazi na namba ya toleo, mwaka na mchapishaji, hali yake pamoja na kasoro zote, ilikotoka, bei iliyolipwa, majina na sahihi za pande zote mbili pamoja na tarehe. Wapo watakaosema kuwa ujumbe wa malipo kwa simu unatosha. Hautoshi. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 tumezoea kuuchukua ujumbe ule kama stakabadhi, ilhali unaonyesha ni nani aliyepokea fedha bila kuonyesha aliuza nini. Na maadamu nimeitaja simu, niongeze kuwa haifai kutuma arubuni kwa mtu usiyemjua kwa ajili ya kitu ulichokiona katika picha tu. Mwombe apige picha ya kitu hicho kikiwa kando ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Kisha mkutane mahali penye watu, ukahesabu kurasa zote, ndipo ulipe.

Pili, tuunde istilahi. Sisi ni wanafunzi wa lugha, na hii ni kazi yetu. Muuzaji akisema kitabu "kiko sawa" na mnunuzi akaelewa kuwa hakina kasoro, ugomvi umekwisha kuzaliwa. Tukubaliane kuhusu daraja chache: hali safi, hali nzuri, hali ya wastani na hali hafifu. Tuzieleze kwa kasoro zinazoonekana: mkunjo, mpasuko, doa, kutu ya pini, mgongo uliofumuka, kingo zilizokatwa, ukurasa unaokosekana. Maneno haya yote tunayo tayari, na kilichobaki ni kuafikiana kuhusu matumizi yake.

Tatu, tuziombe maktaba zetu ziwe na mhuri wa pili. Kitabu kinapoingia hupigwa mhuri. Kinapoondolewa kwa idhini, nacho kipigwe mhuri wa kuonyesha kimeondolewa, pamoja na tarehe. Hapo mnunuzi akiona mhuri mmoja atajua kuwa anashika mali ya umma, na akiona miwili atanunua kwa amani. Gharama yake ni ya kidau cha wino.

Nne, chama kianzishe daftari la vibonzo vya Kiswahili. Kila mwanachama anapokutana na toleo, liwe sokoni, maktabani au nyumbani kwa babu yake, aandike jina, namba, mwaka, hali, na kama mwenyewe anaridhia, lilipo. Hatuhitaji fedha za wafadhili kulianza. Tunahitaji kitabu cha mistari na kalamu. Miaka kumi kutoka sasa daftari hilo litamwonyesha mtafiti ni matoleo gani yamesalia, litamwonyesha muuzaji ni yapi adimu, na mtu akilinganisha mikunjo na madoa yaliyoandikwa humo ataweza kumuuliza mwenye wembe maswali magumu.

Hitimisho

Sikuandika makala haya ili kuwafanya wenzangu wafanyabiashara. Nimeyaandika kwa sababu fasihi ya picha ya Kiswahili inapotea kwa njia mbili kwa wakati mmoja: inapotea mikononi mwa wasioithamini, na inapotea mikononi mwa wanaoithamini kupita kiasi wakaificha. Dawa ya maradhi hayo mawili ni moja, nayo ni kuandika. Anayeuza aandike, anayenunua aandike, anayehifadhi aandike.

Shilingi zangu 4,500 hazikurudi, na muhula ule niliumaliza kwa chai na mkate. Lakini kila Alhamisi alasiri huenda kwenye maktaba ile, nikayasoma majarida yangu yasiyo yangu kwa muda wa saa mbili. Katika tasnifu nimeandika mahali nilipoyasomea, na msimamizi wangu hakuuliza swali la pili. Juma lililopita yule mama alinifungulia daftari lake ili nione. Pana mistari kumi na minane mipya, kwa mwandiko wake, toleo baada ya toleo. Mwishoni mwa kila mstari ameandika: ukurasa wa 3 umekatwa.